Je, Mgeni wa Duka Ana Deni?

Wengi wetu tumefundishwa tangu utoto kwamba deni ni jambo la fedha: mtu amekopa, jina lake limeandikwa daftarini, naye hana budi kulipa. Lakini yako madeni yasiyoandikwa popote, wala hakuna hakimu awezaye kuyadai, na moja katika hayo ndilo nitakalo kulipima mbele yenu leo.

Mtu aingia katika duka dogo. Amwuliza mwenye duka habari za bidhaa zake, na mwenye duka aacha kazi aliyokuwa nayo, amsikiliza, amweleza kwa uangalifu, ampa shauri jema. Kisha yule mgeni ashukuru, atoka, aenda kununua kitu kile kile mahali pengine kwa bei iliyo nafuu. Hakuiba. Hakuvunja sheria yoyote. Je, ametoka na mali ya mtu, au hakutoka nayo?

Wako watakaosema mara moja kwamba swali hili ni la kitoto. Duka ni mlango ulio wazi, watasema. Mwenye duka ameingia mwenyewe katika hatari za biashara, na mnunuzi ana haki ya kuzunguka soko zima kabla ya kufungua mfuko wake. Tena watatuletea mithali ya wazee, kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa pishi ya mchele nawakubalia kabisa. Mchele wauona, waushika, watia punje mbili kinywani na kuzitafuna, ukajua kama ni mpya au umelala ghalani. Shauri la mwenye duka halikuongezei kitu. Lakini mithali hiyo haikutungwa kwa ajili ya vitu vilivyofungwa. Kuna vitu vizuri visivyoweza kujiuza hata kidogo, kwa kuwa uzuri wake hauonekani mpaka vimekwisha kununuliwa.

Kitabu ni kimojawapo. Waweza kukifunua na kusoma ukurasa mmoja, nao utakuambia habari za ukurasa ule tu. Kama wataka kujua kwa yakini kuwa kitabu chafaa fedha zako, yakupasa ukisome hata mwisho. Na ukiisha kukisoma hata mwisho, huna haja tena ya kukinunua! Divai nayo ndivyo ilivyo. Karatasi iliyobandikwa juu ya chupa yakueleza nchi, kijiji, mwaka wa mavuno, na nguvu ya kileo, ladha haikuelezi. Mizabibu ya kilima kimoja yaweza kutoa divai njema mwaka huu na divai kali mwaka ujao, kwa sababu mvua ilinyesha siku za mavuno. Kizibo kikiisha kung'oka, chupa ni yako, nzuri ama mbaya. Basi anunuaye kitabu au divai hanunui kwa macho wala kwa mikono. Hununua kwa masikio. Alisikia neno la mtu, akaliamini.

Ndiyo maana nimechagua kusema habari za duka lenye kuuza vitu hivi viwili pamoja. Maduka ya namna hiyo yako katika miji ya Ulaya na Marekani, wala hayana uhusiano na kampuni kubwa. Aghalabu ni mali ya mtu mmoja, au ya mume na mke. Msomaji atauliza kwa nini vitabu na divai viwekwe chini ya dari moja. Sababu yake si ulevi, ni hesabu. Faida ya kitabu ni nyembamba sana, maana mchapishaji humwachia mwenye duka sehemu tu ya bei iliyopigwa chapa juu ya jalada, na katika sehemu hiyo yatoka kodi ya nyumba, mishahara, taa na moto wa wakati wa baridi. Chupa huacha faida iliyo nono kidogo. Tena mara nyingi vitabu visivyouzwa vyaweza kurudishwa kwa mchapishaji kwa mapatano, lakini divai isiyouzwa hubaki ya mwenye duka, naye huivumilia, maana iliyo njema huweza kungoja. Hivyo kitu kimoja hushika mkono wa kitu cha pili.

Najua kwamba wako wasomaji waionao divai kuwa haifai kabisa, hata mimi mwenyewe sinywi. Hatutabishana juu ya jambo hilo hapa. Asiyetaka divai na aweke asali mahali pake katika maneno yangu yote. Asali nayo haijulikani kama imechanganywa na maji ya sukari mpaka ionjwe.

Katika mwaka 2023 nilikaa majuma machache Uingereza pamoja na walimu wengine, wageni wa shule moja katika mji mdogo wa kusini. Karibu na kituo cha gari la moshi palikuwa na duka la namna niliyoieleza. Upana wake haukuzidi darasa moja la shule zetu. Upande wa kushoto vitabu hata darini, upande wa kulia chupa zimelazwa ili kizibo kisikauke, na katikati meza moja yenye viti vinne. Mwenyewe ni bibi wa makamo. Hakunifuata nyuma kama wafanyavyo wauzaji wengine, wala hakunitazama kama mwizi. Aliniacha nikazunguka, na nilipoinua kitabu kimoja kwa mara ya pili, ndipo aliponiambia kwa upole, "Hicho, Bwana, sura zake tatu za kwanza ni ngumu. Ukizivuka utafurahi."

Nilikwenda mara nne au tano, nami niliona mambo mawili ninayotaka kuyaweka mbele ya wasomaji.

La kwanza. Aliingia mzee mmoja akitaka divai ya chakula cha jioni, maana mwanawe alikuwa anarudi kutoka safari. Alikwisha kushika chupa ya pauni 19. Bibi akamwuliza chakula chenyewe ni nini. Mzee akasema ni nyama ya kuchemsha, yenye pilipili nyingi. Bibi akaichukua ile chupa mkononi mwake, akairudisha mahali pake, akampa nyingine ya pauni 11, akisema kwamba pilipili itaifunika ile ya kwanza na fedha zake zitakuwa zimepotea bure. Nadhani hapo ndipo shauri la kweli linapojulikana, pale linapompunguzia msemaji mapato yake. Na sheria ya Waingereza nayo humtaka muuzaji wa divai afanye hivyo katika jambo zito zaidi: kwa sheria yao ya mwaka 2003 ni kosa kumwuzia mtu aliyekwisha kulewa, au kijana asiyetimiza miaka 18, hata akiwa na fedha mkononi.

La pili. Siku nyingine aliingia kijana, mwanafunzi kwa kumwangalia, akasema ataka kitabu kimoja cha kuanzia kusoma habari za vita ya kwanza ya dunia. Bibi alimpa karibu robo saa. Alimwuliza amesoma nini, akamtolea vitabu vitano, akaviondoa viwili, akamweleza tofauti ya vile vitatu vilivyobaki: huyu mwandishi amekaa upande wa majemadari, huyu upande wa askari, huyu ni mgumu lakini ndiye aliyeona mbali. Kijana akasikiliza vizuri. Kisha akatoa simu yake, akapiga picha jalada la kitabu cha tatu, akashukuru, akaenda zake. Sisi sote tulijua maana ya ile picha. Kabla hajafika kituoni kitabu kingekuwa kimekwisha agizwa kwa Amazon, nacho kingemfikia nyumbani kesho yake kwa bei iliyopunguzwa.

Nilimwuliza, "Bibi, huoni uchungu?"

Akasema, "Uchungu ninao, Mwalimu. Kodi ya nyumba hainingoji. Lakini nikianza kumhesabia deni kila aulizaye, kesho nitamshauri nikiutazama mfuko wake, naye ataujua mtazamo huo. Sina mali nyingine zaidi ya kuaminiwa."

Neno hilo limenifikirisha siku nyingi, kwa kuwa laonekana kukata shina la hoja yangu. Kama mwenye mali mwenyewe asema hakuna deni, sisi ni nani hata tuliandike? Walakini nadhani bibi yule alisema kweli kwa upande wake, na kweli ile haivuki kwenda upande wa pili. Mtu akikuonyesha njia porini, si haki yake kukudai. Akikudai, alikuwa mfanya biashara ya njia. Lakini wewe uliyeonyeshwa, ukikutana naye mwaka ujao amepotea katika mtaa wako, ukampita kana kwamba humjui, hakuna atakayesema kwamba hukukosa kitu. Deni lipo, ila limewekwa upande mmoja tu: mwenye kuwiwa lazima alikumbuke, na mwenye kuwia lazima alisahau. Wazee walimwambia mtenda wema aende zake, asingoje shukrani. Hawakumwambia mtendewa asahau.

Nitajibu sasa hoja ya maskini, maana ndiyo yenye nguvu kuliko zote, nami kwa mshahara wangu naijua vizuri. Kama kitabu chauzwa pauni 11 hapa na pauni 7 kule, na mtu ana pauni 8 tu, je, twamfungia mlango wa elimu kwa kumtaka anunue hapa? La. Hakuna aliye chini ya sharti la kununua kwa bei asiyoiweza. Hata mwenye fedha nyingi hana sharti la kununua kila alichoelezwa. Pengine ameelezwa, akaona hakimfai, akarudisha rafuni. Huyo amelitumia duka kama lilivyokusudiwa. Kosa haliko katika kutokununua, liko katika nia aliyoingia nayo mtu. Aingiaye akijua tangu mlangoni kwamba hatanunua hapa kwa hali yoyote, kisha akasimama kwa mfano wa mnunuzi, akauliza kwa sauti ya mnunuzi, huyo amesema uongo bila kufungua kinywa. Shauri alilopewa lilitolewa kwa mtu mwingine, yaani kwa mnunuzi aliyejifanya kuwa yeye.

Maskini wa kweli anayo njia iliyo nyofu. Na aseme, "Bibi, sina fedha za kununua leo, lakini nataka kujua." Akisema hivyo, mwenye duka yu huru kumpa au kumnyima, na akimpa, amempa zawadi akiijua kuwa ni zawadi. Mimi mwenyewe nilisema maneno ya namna hiyo siku ya kwanza, kwa kuwa mzigo wangu wa ndege ulikuwa na kipimo chake, naye hakupunguza hata neno moja la maelezo yake. Aliposikia nimetoka Tanzania akaniuliza kama ni kweli kwamba kwetu kuna mizabibu. Nikamwambia habari za Dodoma, jinsi zabibu zinavyovunwa mara mbili kwa mwaka, yapata mwezi wa Machi na tena Agosti na Septemba, ambapo mizabibu ya Ulaya huvunwa mara moja tu. Alichukua kalamu akaandika. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema watu wa pwani. Na siku ile mimi niliyeingia mikono mitupu sikutoka nikiwa mwiwa peke yangu.

Yaani msomaji asifikiri kwamba kila ziara ya duka lazima iishie katika fedha. Watu wanaoketi kwenye viti vinne vile na kusemezana juu ya kitabu walichosoma, hata kama leo hawakununua, wao ndio walifanyao duka kuwa mahali pa kuingia. Ajiuzaye kuwa mnunuzi ndiye ninayemshtaki, yeye peke yake.

Kama dhamiri ya mgeni ni kamba nyembamba namna hii, je, sheria isimsaidie? Jambo hili limejaribiwa na mataifa mawili kwa njia mbili zinazopingana.

Waingereza walianza mapema. Mwaka 1890 mchapishaji Frederick Macmillan alitoa kitabu cha Alfred Marshall juu ya elimu ya uchumi kwa sharti kwamba duka lolote lisikiuze chini ya bei iliyotajwa, na tangu tarehe 1 Januari 1900 yakawa mapatano ya wachapishaji na wauza vitabu wa nchi nzima. Mwaka 1962 mapatano hayo yalipelekwa mahakamani, na mahakama ikayahifadhi, ikisema kwamba yakivunjwa maduka yenye akiba ya vitabu yatapungua, na vitabu vitakuwa vichache na ghali zaidi. Lakini mwaka 1995 wachapishaji wakubwa walijitoa, na mwaka 1997 mahakama ikayavunja kabisa. Maduka ya vitabu yasiyo ya kampuni kubwa yalikuwa 1,894 mwaka 1995. Mwaka 2016 yalibaki 867. Baadaye yaliongezeka tena, na mwaka 2022 yalikuwa zaidi ya 1,000. Si haki kuutupa upungufu wote ule juu ya kuvunjwa kwa mapatano, kwa sababu katika miaka ile ile biashara ya mtandao ilizaliwa na kukua. Ila mfano mmoja watosha kuonyesha hali ilivyokuwa. Mwaka 2007 ilipotoka juzuu ya saba ya hadithi za Harry Potter, yenye bei ya pauni 17 na senti 99 jaladani, duka moja kubwa la vyakula liliiuza kwa pauni 5. Wako wauza vitabu wadogo waliokwenda kununua nakala zao pale, kwa kuwa bei ya rejareja ya mwuza viazi ilikuwa chini ya bei ya jumla waliyopewa wao!

Wafaransa walikwenda njia nyingine. Kwa sheria ya Agosti 1981, iliyoletwa na waziri Jack Lang, kitabu kipya huuzwa kwa bei moja nchi nzima, na muuzaji hana ruhusa ya kupunguza zaidi ya sehemu 5 katika 100. Duka la kona na kampuni kubwa husimama sawa. Mwaka 2014 ilipokatazwa kuwapelekea wanunuzi vitabu nyumbani bila malipo, Amazon iliweka malipo ya senti moja ya euro, na bunge likaonekana kuchezewa. Basi tangu Oktoba 2023 malipo hayo hayawezi kuwa chini ya euro 3 kwa agizo lisilofika euro 35. Lakini sheria ile yahusu vitabu tu. Divai haimo. Hivyo ukiingia katika duka la Kifaransa lenye vyote viwili, unaweza kumwuliza mwenyewe habari za vitabu mchana kutwa na dhamiri yako isipate jaribu lolote, kwa kuwa huko nje hakuna bei ya kukushawishi. Ila ukigeuka upande wa chupa umerudi kuwa mtu mwenye kupimwa. Mgeni mmoja, saa moja, rafu mbili!

Wako walimu wanaodharau msaada wa namna hiyo, wakisema kwamba wema uliolindwa na sheria si wema. Mimi sifiki huko. Tumeweka kufuli katika ghala za shule, wala hatujasikia kwamba kufuli zimewaharibu wanafunzi wetu tabia. Sheria ya Wafaransa hailengi kumfanya mgeni awe mwema. Yalinda mahali pa kutoa shauri pasife wakati sisi tungali tukijifunza wema. Ila tusidanganyike, haiwezi kufika kila rafu. Haifiki kwenye divai, haifiki kwenye asali, na hapa kwetu haifiki hata kwenye kitabu chenyewe, ambacho leo mtu hakihitaji duka la bei nafuu: achukua nakala moja ya rafiki na kuipeleka kwenye mashine ya kutoa kopi.

Limebaki jambo moja linalonishinda, nami nawaachia walimu wenzangu. Nilipokuwa chuoni palikuwa na mzee mmoja aliyetandika vitabu vya mitumba juu ya turubai kando ya barabara. Aliniruhusu kusoma nikiwa nimesimama, na ndiye aliyeniambia nianze na kipi na nikiache kipi. Kwa miaka miwili nilinunua kwake vitabu viwili, kwa kuwa ndivyo nilivyoweza, naye alijua. Sasa mahali pale pamejengwa ghorofa, na mzee hayupo. Nimeuliza, hakuna ajuaye alikokwenda. Wako wasemao kwamba deni la namna hii hufa pamoja na duka. Wako wasemao kwamba hurithiwa na mwuza vitabu mwingine yeyote tutakayemwingilia. Mimi naelekea upande wa hawa wa pili, lakini nikiulizwa ni vitabu vingapi, na kwa miaka mingapi, sina jibu. Mwenye jibu na aliandikie gazeti.